Turbo Inapolaumiwa Bure: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Subaru zenye Injini ya EJ20

Subaru zenye turbo zimezoeleka katika barabara za Kenya kiasi kwamba ni vigumu kupita eneo la gereji jijini Nairobi bila kuona Impreza WRX, Forester SG5 au Legacy BP5 ikiwa imefunguliwa boneti. Mapenzi hayo yana historia, kwa kuwa Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Hata hivyo, magari mengi ya aina hii yaliyopo leo yamepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kila mmoja aliacha alama yake: bomba la ekzosi lililobadilishwa, kompyuta iliyotuniwa, au mpira wa vakyumu uliofungwa kwa waya. Mwongozo huu unahusu injini ya EJ20 yenye turbo, ya sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zilizolala mbilimbili kila upande, ingawa sehemu kubwa yake inafaa pia kwa ndugu yake mwenye ujazo wa 2,457.

Msimamo wa mwandishi ni kwamba turbo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ni kifaa chenye sehemu chache sana zinazosogea, na mara chache hufa bila kuuawa. Huuawa na oili isiyofika au iliyochafuka, na kitu kigumu kilichomezwa kupitia njia ya hewa, au na kasi iliyopita uwezo wake, hasa pale hewa inapovuja na turbo ikalazimika kuzunguka zaidi ili kufidia. Mtu anayekwenda Kirinyaga Road kununua turbo ya mtumba kabla ya kujua iliyopo iliuawa na nini, anajiandaa kununua ya tatu.

Kabla ya kufungua bolti hata moja

Anza kwa kulijua gari lililo mbele yako. Andika kila kitu kisicho cha kiwandani: chujio wazi la hewa, vali inayotoa hewa nje kwa mlio, kifaa cha mkono cha kupandishia shinikizo, intakula (kipoza hewa iliyobanwa na turbo) iliyohamishiwa mbele ya rejeta. Kilicho kigumu kukiona ni programu ya kompyuta. Ikiwa gari lilituniwa na mtu usiyemjua, namba za kitabu cha huduma hazitakuongoza, na mara nyingi ni busara kurudisha programu ya kiwandani kwanza, ukapima gari likiwa hivyo, ndipo uendelee.

Pili, soma kodi za hitilafu, ukikumbuka kwamba Subaru za soko la Japani za miaka ya nyuma huzungumza kwa lugha ya kampuni yenyewe, inayojulikana kama SSM (Subaru Select Monitor), na kifaa cha bei nafuu cha bluutuuthi kinaweza kushindwa kabisa kuunganika nazo. Kushindwa huko hakumaanishi kwamba kompyuta imeharibika. Katika Impreza za zamani kama GC8 kuna plagi nyeusi chini ya dashibodi ambazo zikiunganishwa, taa ya injini huanza kupepesa kodi kwa mpangilio wa ndefu na fupi.

Tatu, pima mambo matatu kwa pamoja gari likiwa kazini: shinikizo la turbo, uwiano wa hewa na petroli, na kiasi ambacho kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche. Mvuto mmoja wa gia ya tatu, kuanzia mizunguko 2,500 hadi karibu na mstari mwekundu, mahali salama pasipo na msongamano, utakuonyesha mengi kuliko siku nzima ya kubahatisha. Kwa petroli, uwiano wakati gari linaposafiri kwa utulivu huwa karibu na 14.7 kwa 1, na chini ya shinikizo kamili unatarajiwa kushuka hadi karibu na 11 kwa 1. Ukiona 13 wakati turbo inasukuma kwa nguvu, ondoa mguu hapo hapo na usirudie jaribio hilo mpaka chanzo kipatikane.

Gari ni zito. Turbo inasikika lakini haisukumi

Hii ndiyo dalili inayopeleka turbo nyingi nzima kwenye jaa la vyuma chakavu. Katika hali nyingi, hewa iliyobanwa inatoroka kabla ya kufika kwenye silinda. Kwa kuwa sensa ya hewa imeshaihesabu hewa hiyo, kompyuta inamimina petroli ya hewa isiyokuwepo, mchanganyiko unakuwa mzito, na ekzosi inatoa moshi mweusi kila unapokanyaga. Ufa ukiwa kati ya sensa na turbo, mambo hugeuka: hewa isiyohesabiwa huingia, gari linatetemeka likiwa limesimama, na kompyuta inalazimika kuongeza petroli ili kusawazisha.

Mahali pa kutazama panajulikana. Kuna bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, linalopita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) ambako jicho halifiki, na ambalo hupasuka kwenye mikunjo likizeeka. Kuna mpira kati ya turbo na intakula, kipande chenye umbo la Y katika modeli zinazokitumia, gasketi ya vali ya kurudisha hewa, na mipira midogo ya vakyumu ambayo joto la injini huifanya ikauke hadi ikavunjika kama biskuti.

Kuangalia kwa macho hakutoshi, kwa sababu ufa mwingi hufunguka tu shinikizo linapopanda. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki la maji chenye kipenyo kinacholingana na bomba la kuingizia hewa, toboa katikati, funga vali ya tairi isiyo na mpira wa ndani, kisha ondoa boksi la chujio pamoja na sensa ya hewa na ukibane kifuniko hicho mahali pake kwa klipu. Ziba mipira ya kupumulia injini inayoingia kwenye bomba hilo, la sivyo utakuwa unajaza upepo ndani ya kasha la krankeshafti na kusukuma sili zake nje. Injini ikiwa imezimwa, pandisha shinikizo polepole kwa pampu ya tairi hadi karibu bar 0.7, usizidi bar 1, huku msaidizi akipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mahali panapovuja povu huchemka, na ufa mkubwa hutoa sauti utakayoisikia ukiwa umesimama kwenye mlango wa gari. Mvumo hafifu unaotoka ndani ya injini ni wa kawaida, kwa kuwa daima kuna vali fulani iliyo wazi.

Kipimo hicho kikipita bila uvujaji, geukia udhibiti wa shinikizo. Westigeti ni mlango mdogo unaopitisha moshi kando ya panga za turbo. Ukikwama ukiwa umeachama, turbo haijengi nguvu. Shika mkono wake injini ikiwa imepoa na uone kama unarudi na kufunga kabisa. Kisha kagua solenoidi ya shinikizo, yaani vali ya umeme inayoidhibiti westigeti, na mipira yake, ambamo katika Subaru nyingi kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Fundi aliyebadilisha mpira mkavu kwa mpira mpya bila kuhamisha kipande hicho atakuwa amelipunguzia gari shinikizo bila kujua, kwa sababu hewa nyingi kupita kiasi itafika kwenye kifungua westigeti.

Usiisahau ekzosi. Katalisti ambayo mafundi huiita masega, ikiyeyuka kwa sababu ya petroli isiyoungua, huziba njia na kulifanya gari lichoke hasa mizunguko inapopanda. Ni baada ya haya yote ndipo panga za turbo zenyewe zinapostahili kukaguliwa.

Nguvu inakatika ghafla, kama mtu aliyezima swichi

Ukihisi gari limegonga ukuta katikati ya mvuto kisha likarudi kawaida, kompyuta imekata petroli kwa sababu shinikizo limepita kikomo chake. Usiishukuru kwa kukizima kikomo hicho, kama wanavyofanya baadhi ya wanaotuni. Tafuta kwanza kama mpira unaokwenda kwenye kifungua westigeti umechomoka au umepasuka, kwa sababu pasipo hewa ya kukisukuma, mlango haufunguki na turbo inaendelea kupanda bila breki.

Ikiwa mipira yote ni mizima, soma umbo la mchoro wa shinikizo. Kilele chembamba kinachopaa mapema na kushuka mara moja huashiria udhibiti uliowekwa kwa pupa. Mstari unaopanda taratibu kadiri mizunguko inavyoongezeka, hata baada ya kuondoa kila kifaa cha kupandishia, huashiria kwamba tundu la westigeti ni dogo kuliko moshi unaotakiwa kupita. Hali hiyo huja mara nyingi baada ya kufunga bomba pana la ekzosi kwenye turbo ndogo ya TD04, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayoweza kuitibu kikamilifu. Tundu lenyewe hupanuliwa kwa ustadi, au njia ya moshi ikapunguzwa.

Gari linakohoa likiwa chini ya shinikizo

Likikimbia vizuri taratibu lakini linakohoa ukikanyaga, anza na plagi. Hewa nzito ndani ya silinda huhitaji volti nyingi zaidi ili cheche iruke, hivyo mwanya unaofaa gari lisilo na turbo huwa mkubwa mno hapa. Mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8 hutosha kwa matumizi ya kawaida, na magari yenye shinikizo lililopandishwa hupunguziwa zaidi. Plagi za injini hii ya silinda zilizolala, yaani boksa, ziko ubavuni, mahali pa kubana mkono, na huo ndio ukweli unaofanya wengi waziache humo muda mrefu kupita kiasi. Kodi P0301 hadi P0304 zitakutajia silinda; hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine, na kodi ikihama nayo, mkosaji umempata.

Kukohoa kunakoambatana na uwiano unaopanda kuelekea 13 ni suala la petroli: chujio lililoziba, pampu iliyochoka, au nozeli za kunyunyizia petroli zisizotosha turbo kubwa iliyofungwa. Usichanganye kukohoa na ile ngurumo ya kusitasita inayowatambulisha WRX kutoka mbali. Ngurumo hiyo inatokana na mabomba ya manifoldi ya ekzosi yenye urefu usiolingana, na Legacy zenye turbo ya njia mbili hazina sauti hiyo ingawa injini zao ni nzima.

Moshi

Moshi mweusi ni petroli nyingi, na mengi kuuhusu yameshaelezwa. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua. Moshi wa bluu ndio unaohitaji subira.

Oili hutoka kwenye turbo kwa kuteremka tu, bila pampu ya kuivuta. Kwa hiyo bomba la kurudishia likiziba, au shinikizo ndani ya kasha la krankeshafti likiwa kubwa kwa sababu ya ringi zilizochakaa au vali ya kupumulia iliyoganda, oili hukosa pa kwenda na hupenya kwenye sili za turbo iliyo nzima kabisa. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Pumzi hafifu si tatizo, lakini moshi unaopuliza kwa mapigo, unaoweza kukirusha kifuniko kilicholazwa juu ya tundu, unakwambia kwamba turbo mpya itavuta moshi ndani ya wiki ileile uliyoifunga.

Pima basi kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda hujenga, na hapa kuna jambo ambalo wakazi wa nyanda za juu hulipuuza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo ni takriban kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani. Geji itasoma chini ya kitabu kwa karibu moja ya tano hata kama injini ni mpya. Linganisha silinda na silinda, wala usilinganishe na ukurasa. Silinda ya 4, iliyo nyuma upande wa kushoto, ndiyo inayostahili kutiliwa shaka zaidi katika EJ zenye turbo, na ikiwa iko chini ya wenzake, yamkini kingo za pistoni zinazoshikilia ringi zimepasuka. Jaza hewa ndani ya silinda hiyo na usikilize inapotokea: kwenye kijiti cha oili ni ringi, kwenye ekzosi au manifoldi ni vali, na mapovu kwenye maji ni gasketi ya silinda hedi.

Utando mwembamba wa oili ndani ya intakula ni kawaida na hauhitaji matibabu. Ukiinamisha intakula na ikamwaga oili kwenye beseni, hilo ni jambo jingine.

Milio

King'ora kinachopanda na kushuka pamoja na shinikizo ni mlio wa panga za kompresa zinazogusa nyumba yake, au wa shafti iliyopoteza mizani. Ondoa bomba la kuingizia hewa na ushike nati ya katikati kwa vidole. Mchezo mdogo wa kwenda kando upo hata kwenye turbo mpya, kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili. Mchezo wa kuingia na kutoka haupaswi kuhisika. Tazama pia ncha za panga kwa kurunzi: zikiwa zimetafunwa kama meno ya msumeno, kuna kitu kilipita, nawe utafute kilitoka wapi na kilikwenda wapi kabla ya kufunga nyingine.

Turbo iliyokufa kwa ukosefu wa oili katika injini zenye mfumo wa AVCS (unaobadilisha muda wa vali kufunguka) hutufikisha kwenye kasoro ndogo yenye madhara makubwa. Bomba la kupelekea oili hufungwa kwa bolti yenye tundu ndani yake, na ndani ya bolti hiyo kuna chujio la wavu mwembamba lisilozidi ncha ya kidole cha mwisho. Oili ikichelewa kubadilishwa, wavu huo hujaa masizi meusi magumu, na turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huachwa ikiwa kavu. Bolti hiyo isafishwe au ibadilishwe kila turbo inapofunguliwa, bila majadiliano.

Mlio wa kugonga kwa uzito kutoka chini, unaofuata mizunguko na kuzidi injini ikiwa ya moto, ni beringi za koni rodi. Hapo injini imenoki au inaelekea huko, na kila kilomita inaongeza gharama. Izime na uivute gari. EJ hushika oili kidogo, zaidi kidogo ya lita nne, na kijiti chake ni kigumu kusomeka, hivyo wenye magari husoma tone lililoshikamana na ukuta wa bomba na kuamini kwamba imejaa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, na usome pande zote mbili za kijiti ukichukua kipimo cha chini. Kilomita 5,000 kati ya kumwaga oili na kumwaga tena ni mpango wa busara, na kuikagua kila unapojaza tangi hakujawahi kumdhuru mtu. Kama kiwango kiko sawa lakini taa ya oili inamulika kwenye kona, shuku bomba la kuvutia oili ndani ya karta (bakuli la oili chini ya injini), ambalo hupasuka kwenye weldi na kuvuta hewa.

Joto linapanda

Fuata ngazi: kiwango cha maji, kifuniko, feni, thamostati, kisha gasketi. Kifuniko kinadharauliwa mno. Maji matupu huchemka karibu nyuzi 94 Nairobi, kwa hiyo kifuniko kisichoshika shinikizo hulifanya gari lichemke katika msongamano ilhali kila kingine ni kizima. EJ zenye turbo zina tangi dogo juu ya injini lenye kifuniko chake, na maji hujazwa hapo polepole gari likiwa limeinuliwa mbele, la sivyo hewa inabaki ndani na geji inacheza kama imepagawa. Mapovu yasiyoisha kwenye tangi la akiba, pamoja na mipira migumu asubuhi kabla ya kuwasha, ni gasketi.

Gari lililotuniwa Nairobi linaposhuka Mombasa

Hapa ndipo injini nyingi zilizorekebishwa humalizikia, na chanzo chake hakionekani kwenye geji ya shinikizo. Geji husoma tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje. Bar 1 ya geji jijini Nairobi ni jumla ya kilopaskali 182 hivi ndani ya manifoldi. Bar 1 hiyohiyo Mombasa ni takriban 201. Silinda inapokea hewa nyingi zaidi kwa karibu moja ya kumi, na joto la pwani linaipunguzia intakula iliyo juu ya injini uwezo wake. Kifaa cha mkono cha kupandishia hakijui lolote kati ya haya. Gari lililotuniwa hadi ukingoni kule juu linavuka ukingo huo likikaribia usawa wa bahari, katika safari ndefu ya mwendo kasi, abiria wakiwa wamejaa na kiyoyozi kinafanya kazi.

Kinachotokea ni detonesheni: petroli iliyosalia ndani ya silinda hulipuka yenyewe kwa joto na shinikizo kabla ya moto wa plagi kuifikia. Kwenye kiti cha dereva huenda usiisikie. Ukiisikia, ni mlio wa mawe madogo ndani ya kopo. Sensa ya detonesheni huisikia kabla yako na kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche, ndiyo maana gari huonekana tu kuwa limechoka. Sensa hiyo iko juu ya bloku, hupasuka ganda lake kwa uzee, na kodi P0325 au P0327 zinapojitokeza, gari linaendeshwa likiwa kiziwi. Ikibadilishwa, bolti yake ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kwa sababu iliyolegea na iliyokazwa kupita kiasi zote husikia vibaya.

Oktani, kipimo cha petroli kustahimili detonesheni, inaongeza tatizo. Modeli za STI na GT za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya haioku, ambayo kwa kiwango cha Japani haipungui oktani 96 na mara nyingi huuzwa ikiwa karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Tuni ya mtu mwenye busara huachia nafasi kwa ajili hiyo, na hupimwa kwa petroli dhaifu utakayoipata njiani, si ile bora ya kituo kilicho karibu na gereji. Nyanda za juu nazo zina mtego wake: ili kufikia kilopaskali 200 Nairobi, turbo inapaswa kuibana hewa mara 2.4, ilhali pwani ni chini kidogo ya mara 2. Anayelazimisha namba za pwani kule juu anaizungusha TD04 yake nje ya eneo lake, akipata joto jingi na nguvu kidogo. Kompyuta ya kiwandani hupunguza lengo la shinikizo mwinuko unapoongezeka, na wahandisi waliofanya hivyo hawakuwa waoga.

Dalili zinazoletwa na marekebisho yenyewe

Gari likianza kusumbua baada ya kifaa kipya kufungwa, kifaa hicho ndicho cha kwanza kuhojiwa. Vali inayotoa hewa nje hutupa hewa ambayo sensa imeshaihesabu, na ndiyo maana gari hukohoa au kuzimika unapobadilisha gia. Irudishe ya kiwandani na tatizo huondoka. Chujio linalopakwa oili, likipakwa kwa ukarimu, huchafua waya wa sensa ya hewa, na kisafishio maalumu cha sensa hutosha kuliponya gari. Chujio wazi lenye bomba la kipenyo tofauti hubadilisha usomaji wa sensa nzima, na gari linahitaji kutuniwa upya hata kama linaonekana kukimbia vizuri.

Mpangilio ambao mwandishi angeushauri huanza na mambo yasiyopigiwa picha: mkanda wa taiming (ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugonga pistoni), mipira yote ya vakyumu, plagi, bolti ya oili ya turbo, kipimo cha kompresheni. Baada ya hapo ndipo bomba la ekzosi, pampu ya petroli na tuni vifuate, vikifungwa pamoja. Kupandisha shinikizo peke yake, kwa kifaa cha mkono cha bei ya chakula cha mchana, ndiyo njia fupi zaidi ya kuipasua silinda ya 4.

Mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi imeshindwa na nguvu mpya, turbo haihusiki.

Kuwasha turbo mpya kwa mara ya kwanza

Ikiwa vipimo vyote vimekulazimisha kubadilisha turbo, mwaga oili na ubadilishe chujio kwanza, kwa sababu chembe za turbo iliyokufa bado zimo. Safisha intakula, kwani panga zilizovunjika hujificha humo na kusubiri kumezwa. Hakikisha bomba la kurudishia oili halina gasketi iliyopakwa silikoni kwa wingi hadi ikaziba tundu. Mimina oili kidogo kwenye tundu la kupokelea la turbo huku ukiizungusha kwa kidole, kisha chomoa plagi za nozeli na ugeuze stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi hizo, washa, na uiache injini iungurume bila kukanyagwa huku ukitazama viungo vya oili na maji kwa kurunzi. Moshi wa bluu katika dakika za mwanzo unatokana na oili iliyomwagika ndani ya ekzosi ya zamani na huisha ekzosi ikishapata joto. Usipoisha baada ya mwendo wa taratibu wa kilomita chache, rudi kwenye bomba la kurudishia na vali ya kupumulia kabla ya kumpigia simu aliyekuuzia turbo.